Milorganite: mbolea ya majitaka ya Milwaukee, na mambo ambayo tanuri haliyamalizi

Katika maduka makubwa ya vifaa vya nyumba na bustani nchini Marekani kuna mfuko mmoja wa mbolea ambao haukosekani majira ya machipuko yanapoingia. Jina lake ni Milorganite, uzito wake ratili 32, sawa na kilo 14 na nusu, na mbele umeandikwa tarakimu 6-4-0. Tarakimu hizo zinamweleza mnunuzi kwamba ndani mna asilimia 6 ya nitrojeni, asilimia 4 ya fosfeti, na potasi hamna. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, ijapokuwa mtengenezaji hajawahi kulificha, ni kwamba chembe hizo za kahawia ni tope la majitaka lililokaushwa, na kwamba anayezitengeneza si kampuni ya kemikali bali ni mamlaka ya umma, Milwaukee Metropolitan Sewerage District, inayosafisha majitaka ya jiji la Milwaukee na vitongoji vyake, jimboni Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan.

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya aina mbili za wasomaji. Wa kwanza ni Waswahili wenzangu tunaoishi huku, ambao tukipata nyumba yenye kiwanja cha mbele tunalazimika kuutunza ukoka kwa namna ambayo wazee wetu wangeishangaa, na tunasimama dukani mbele ya mifuko kumi tusijue upi ni upi. Wa pili ni wale walioko nyumbani ambao wanajishughulisha na suala la tope la majitaka na wanataka kujua mji uliolishughulikia kwa karibu miaka mia umefikia wapi. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiyetaka kusoma hadi mwisho asisumbuke: kama mbolea ya ukoka, Milorganite ni nzuri na inastahili bei yake, kama njia ya kurudisha rasilimali kutoka kwenye uchafu, ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini kama njia ya kuondoa vichafuzi, tanuri la Milwaukee la kukaushia tope linafanya sehemu tu ya kazi, na sehemu iliyobaki haiwezi kufanyika pale kiwandani hata tanuri lingeongezewa moto namna gani.

Mitambo ya Jones Island, inayotengeneza mbolea hii, ilianza kufanya kazi mwaka 1925. Ilikuwa miongoni mwa mitambo mikubwa ya kwanza duniani kutumia njia ya tope hai, ambayo Edward Ardern na William Lockett waliitangaza huko Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Kwa njia hiyo majitaka huingizwa kwenye matangi marefu, hupulizwa hewa mfululizo, na bakteria waliomo hustawi kwa kula uchafu ulioyeyuka majini. Wakishakula na kuzaana hushikamana kuwa mabonge mepesi yanayotuama katika tangi linalofuata, na maji yanayobaki juu huwa safi kiasi cha kurudishwa ziwani baada ya kuuliwa vijidudu. Kwa hiyo kinachokaushwa kuwa Milorganite si kinyesi cha watu, kama wengi wanavyotaniana, bali kwa sehemu kubwa ni miili ya bakteria hao. Miili hiyo imejaa protini, na protini ndiyo chimbuko la ile nitrojeni ya asilimia 6.

Tatizo la njia ya tope hai lilijitokeza mapema: maji yalikuwa safi, lakini tope lilikuwa likizidi kila siku. T. Chalkley Hatton, mhandisi mkuu wa tume ya majitaka ya Milwaukee wakati huo, alitafuta msaada katika chuo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako mtafiti O. J. Noer alipewa jukumu la kuchunguza kama tope lililokaushwa lingeweza kuwa mbolea ya maana. Majaribio yalionyesha kwamba linafaa hasa kwa nyasi, kwa sababu linaachia nitrojeni polepole na haliunguzi majani, na wateja wa kwanza wakubwa wakawa viwanja vya gofu. Mauzo yalianza mwaka 1926. Wenye nyumba za kawaida walifuata baadaye, na leo hao ndio unaowaona wakisukuma vitoroli vya kumwagia mbolea kila Jumamosi ya jua.

Ukitaka kujua kwa nini miji mingi haijaiga mfano huu, tazama maji. Tope linapotoka kwenye tangi la kutuamia, karibu asilimia 99 ya uzito wake huwa bado ni maji. Jones Island kwanza hulipunguza maji kwa kulichuja, kisha hulikamua kwenye mashine zenye mikanda inayobana kama kifumbu, na hapo linakuwa uji mzito unaoweza kushikika, lakini maji bado ndiyo mengi. Kinachofuata ni matanuri kumi na mawili yenye umbo la mapipa makubwa yanayozunguka, ambayo hewa yake ya moto hufikia nyuzi za Selsiasi kati ya 480 na 650. Kuvukiza kilo moja tu ya maji hula nishati ya megajuli 2.26 hata kabla ya kuhesabu hasara ya joto, na mtu akizidisha kwa mamilioni ya kilo ataelewa kwa nini ukaushaji ndio mzigo mkubwa wa gharama. Tangu mwaka 2014 mamlaka imekuwa ikivuta gesi kwa bomba kutoka jalala la Emerald Park huko Muskego, gesi hiyo huendesha mitambo ya kuzalisha umeme, na joto linalotoka kwenye mitambo hiyo huelekezwa kwenye matanuri. Yaani takataka za jalalani zinakausha uchafu wa mabombani, mpango ambao kwa mtazamo wangu ndio sehemu yenye akili zaidi katika kazi yote, ijapokuwa kwenye mfuko hautausoma.

Nije kwenye matumizi. Milorganite humwagwa kwa kiasi cha mfuko mmoja kwa eneo la futi za mraba 2,500, yaani kama mita za mraba 232, na mtengenezaji kwa miaka mingi amewafundisha wateja kukumbuka nyakati za kumwaga kwa kufuata sikukuu za Marekani, kuanzia ile ya mwishoni mwa Mei hadi ile ya Novemba. Chembe zake ni ndogo na zinalingana, hazizibi kitoroli, na vumbi si jingi. Sifa yake kubwa ni upole. Mbolea za chumvichumvi kama urea zikimwagwa kupita kiasi au zikikosa maji huunguza ukoka na kuacha mabaka ya manjano. Hii haifanyi hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nitrojeni yake imefungwa ndani ya protini na hutoka tu pale vijidudu vya udongoni vinapoivunja. Mtu aliyekosea kipimo, au aliyemwaga kisha mvua ikachelewa, hapati hasara. Kinyume chake pia ni kweli: udongo ukiwa wa baridi vijidudu hulala, na mbolea hulala pamoja navyo. Anayetaka kuona mabadiliko katika wiki ya kwanza ya Aprili atafikiri ameuziwa changarawe.

Ukijani unaotokea baadaye ni mzito, wa kuelekea weusi, na unatokana na kitu ambacho tarakimu zile tatu hazikitaji: chuma, kilichomo kwa kiasi cha asilimia 2.5. Chuma hicho hakikuongezwa kwa ajili ya nyasi. Mitambo ya majitaka huongeza chumvi za chuma majini ili kuinasa fosforasi, ambayo ikiachwa iende ziwani hulisha mwani hadi maji yakakosa hewa na samaki wakafa. Chuma na fosforasi vikishikana huzama pamoja katika tope, na ndivyo vinavyofika kwenye ukoka vikiwa bado vimeshikana. Hapo utaona jinsi dawa ya ziwa ilivyogeuka kuwa pambo la bustani. Utaona pia kwa nini potasi haimo: chumvi za potasiamu huyeyuka kwa urahisi, hazishikwi na bakteria wala na chuma kwa kiasi cha kutosha, na huondoka na maji yaliyosafishwa. Mwenye udongo wa kichanga uliopungukiwa potasi inampasa aitafute kwingine, na hili si dogo, kwa sababu nyasi zilizokosa potasi hustahimili ukame na baridi kwa shida.

Fosforasi inahitaji neno zaidi. Wisconsin ilipiga marufuku mbolea za ukoka zenye fosforasi kwa matumizi ya kawaida tangu mwaka 2010, ili kulinda maziwa na mito, lakini bidhaa zinazotokana na tope la majitaka lililokamilishwa ziliachwa nje ya katazo hilo. Wapo wanaoona ni upendeleo kwa bidhaa ya nyumbani. Mimi naona hoja ya kitaalamu ipo, kwa kuwa fosforasi iliyofungwa na chuma haiyeyuki wala kukimbia na mvua kama ile ya chumvi, ila hoja hiyo ina mpaka wake: udongo ambao tayari umeshiba fosforasi haupaswi kuongezewa zaidi kila mwaka kwa sababu tu mfuko ni wa asili. Vipimo vya udongo huku si ghali, na vyuo vikuu vya majimbo huvifanya. Ni vyema kupima kabla ya kununua.

Kuhusu harufu, nisiwapambe wala nisiwatishe. Inanuka, harufu ya udongo na ngano iliyochacha, na hukolea mvua ikinyesha siku za mwanzo, kisha hupotea. Mbwa huipenda mno na anaweza kuila, kwa hiyo mfuko usiachwe wazi. Swala wa huku, wanaokula maua usiku kama walioalikwa, husemekana wanaikimbia, na wakulima wengi wa maua huimwaga kwa sababu hiyo hasa. Lakini mtengenezaji haiuzi kama dawa ya kufukuzia wanyama, kwa kuwa sheria za Marekani hudai kibali maalumu kwa madai ya namna hiyo.

Sasa nifike kwenye suala ambalo ndilo lililonifanya niandike, nalo ni vichafuzi. Bomba la majitaka halichagui. Linapokea maji ya chooni, ya jikoni na ya kufulia, na katika mji wa viwanda kama Milwaukee linapokea pia maji ya viwanda vya ngozi, vya kupaka metali na vya mashine. Njia ya tope hai imetengenezwa ili kunasa kila kinachoweza kunaswa, na kadiri inavyonasa vizuri ndivyo maji yanavyotoka safi na tope linavyobaki na kila kitu. Vichafuzi hivyo ni vya aina tatu zilizo tofauti sana, na mnunuzi anayezichanganya ama ataogopa bure au ataamini bure.

Aina ya kwanza ni vijidudu vya maradhi na mayai ya minyoo. Hapa tanuri linashinda bila ubishi. Kanuni za shirikisho za mwaka 1993 kuhusu tope la majitaka, zinazojulikana kwa namba 503, zinadai kwamba tope linalokaushwa kwa joto libaki na unyevu usiozidi asilimia 10, na kwamba chembe zenyewe au hewa inayotoka tanurini ivuke nyuzi 80 za Selsiasi. Matanuri ya Jones Island yanapita hapo kwa mbali. Kwa upande wa kuhara na minyoo, mfuko wa Milorganite hauna hatari ya samadi mbichi, na anayeishika kwa mikono mitupu hana la kuogopa zaidi ya kunawa kabla ya kula.

Aina ya pili ni metali nzito: kadimiamu, risasi, zebaki na nduguze. Metali haiozi, na moto wa tanuri la kukaushia haufanyi kitu kwa kadimiamu wala risasi isipokuwa kuziacha katika uzito mdogo zaidi baada ya maji kuondoka. Zamani mifuko ya Milorganite ilikuwa na onyo kwamba isitumike kwenye mboga na mazao ya kuliwa, na sababu ilikuwa kadimiamu. Leo onyo hilo halipo, na bidhaa inakidhi daraja la juu kabisa la kanuni za 503, ambalo linaweka mpaka wa miligramu 39 za kadimiamu kwa kila kilo ya tope kavu, 300 za risasi na 17 za zebaki. Je, nini kilibadilika kati ya wakati ule na huu? Njia ya kukausha ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972 viwanda vililazimishwa kusafisha maji yao vyenyewe kabla ya kuyamwaga kwenye bomba la umma, wakaguzi wakapewa meno, na baadhi ya viwanda vilivyokuwa wachafuzi wakubwa vikafungwa kwa sababu za kiuchumi. Usafi wa mfuko ulipatikana mlangoni mwa kiwanda cha kupaka metali, maili kadhaa kutoka Jones Island.

Tukio la mwaka 2007 linathibitisha jambo hilo kutoka upande mwingine. Kemikali za viwandani zenye sumu ziitwazo PCB, ambazo utengenezaji wake ulisimamishwa nchini Marekani katika miaka ya 1970, zilikutwa ndani ya mbolea hiyo, baada ya baadhi yake kuwa imeshamwagwa kwenye bustani za umma mjini Milwaukee, na ikabidi maeneo yasafishwe. Uchafu uliolala katika mabomba ya zamani kwa miongo mingi ulikuwa umechokonolewa ukasafiri hadi mitamboni. Mfumo unaokusanya tope la mji mzima unakusanya pia historia ya mji mzima.

Aina ya tatu ndiyo inayoleta mjadala leo, nayo ni kemikali za PFAS, zile zilizotumika kwenye vikaango visivyogandisha, nguo zisizolowa, vifungashio vya vyakula na mapovu ya kuzimia moto. Kemikali hizi zimeundwa zisivunjike, na kwa kuwa zimo nyumbani mwa kila mtu, haziwezi kuzuiwa kwa kumfuata mwenye kiwanda mmoja. Mwaka 2021 shirika la Sierra Club pamoja na Ecology Center ya Michigan walitangaza vipimo vya mbolea tisa za majumbani zinazotokana na tope la majitaka, Milorganite ikiwa mojawapo. PFAS zilikutwa katika zote tisa, na nane kati yake zilivuka viwango ambavyo jimbo la Maine lilikuwa limeviweka kwa udongo wa kilimo. Mwaka uliofuata Maine ilipiga marufuku kabisa kumwaga tope la majitaka mashambani, baada ya familia za wakulima kukuta maji ya visima na maziwa ya ng'ombe wao yamechafuliwa na tope lililomwagwa miaka ya nyuma. Mnamo Januari 2025 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilitoa rasimu ya tathmini ya hatari kuhusu kemikali mbili za jamii hiyo, PFOA na PFOS, katika tope, nayo ilionyesha kwamba hata kiasi kidogo kinaweza kuwa na hatari kwa wanaoishi karibu na mashamba yaliyomwagiwa au wanaotegemea mazao yake.

Tanuri la nyuzi 600 haliondoi PFAS kwa sababu chembe zenyewe hazifiki joto hilo. Maji yanayovukizwa huzipoza, na lengo ni kukausha, si kuunguza. Kuziharibu kunahitaji joto kubwa zaidi na kwa muda, na tope likiunguzwa kwa kiwango hicho nitrojeni hupotea, kwa hiyo kinachobaki si mbolea ileile tena. Huu ndio mkwamo wa kweli wa bidhaa hii, na sioni haki kuutwisha mji wa Milwaukee peke yake, kwani hawakutengeneza kemikali hizo wala hawakuziuza. Hata hivyo mnunuzi ana haki ya kujua kwamba maneno kama asili na salama kwa mazingira, yanayopendwa sana na wauza mbolea, yalitungwa kwa ajili ya vijidudu na metali, na hayajibu swali la PFAS wala la chembechembe za plastiki.

Kwa kulinganisha, yapo mapishi mengine ya tope hilohilo. Huko Stickney, kando ya Chicago, mamlaka ya majitaka ilifungua mwaka 2016 mtambo wa kampuni ya Ostara unaotoa fosforasi kama fuwele badala ya kuuza tope zima. Maji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope, ambayo yamejaa amonia na fosfeti, huongezewa magnesiamu katika mazingira yasiyo na asidi, na vitu hivyo vitatu huungana kuwa mawe madogo meupe yanayoitwa struviti. Mawe hayohayo yakijiundia yenyewe ndani ya mabomba huyaziba hadi mafundi wakayapasua kwa nyundo, kwa hiyo mtambo unawatoa kwenye adha na kuwapa bidhaa. Mbolea inayopatikana, Crystal Green, ina tarakimu 5-28-0 pamoja na asilimia 10 za magnesiamu, na kwa sababu ni fuwele iliyojijenga kutoka kwenye maji, huacha nyuma sehemu kubwa ya metali na uchafu mwingine. Ni safi zaidi kuliko Milorganite. Lakini haina ile mboji ya bakteria wala chuma, na tope lenyewe, lenye kila kilichoachwa nyuma, bado linabaki likisubiri mahali pa kwenda. Mtu akiniuliza njia ipi imeondoa vichafuzi vizuri zaidi, nitamwuliza kwanza anazungumzia mfuko au anazungumzia mji.

Ulaya nako wamekata shauri kwa namna nyingine. Uswisi ilipiga marufuku tope mashambani tangu mwaka 2006, na Ujerumani, kwa kanuni zake za mwaka 2017, inaitaka mitambo inayohudumia zaidi ya watu 100,000 irudishe fosforasi kuanzia mwaka 2029, aghalabu kwa kuliunguza tope lote kisha kuitafuta fosforasi katika majivu. Ni njia ghali inayopoteza nitrojeni yote, lakini moto wa namna hiyo hugusa hata kemikali ambazo tanuri la Milwaukee linaziacha zipite.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kuununua mfuko huu, na sioni sababu ya kuuagiza kutoka mbali hivyo. Kinachomhusu ni utaratibu. Mabwawa ya Vingunguti jijini Dar es Salaam, yanayopokea mizigo ya magari ya kunyonya vyoo, na mabwawa ya Ruai, yanayopokea majitaka ya Nairobi pamoja na ya eneo lake la viwanda, yote yanazalisha tope, na jua letu lingeweza kulikausha bila gesi ya jalala la mtu. Kazi ya kurudisha rasilimali imekwisha kuanza kwa njia nyingine: huko Naivasha kampuni ya Sanivation hugeuza tope la vyoo kuwa kuni za kusindikwa za viwandani, na mjini Nairobi Sanergy, iliyoanzia vyoo vya mtaa wa Mukuru, imelisha taka hizo kwa mabuu ya nzi na kutengeneza mbolea ya Evergrow. Njia hizo mbili zina faida ambayo Milwaukee iliitafuta kwa miongo, kwa sababu kinyesi kinachochukuliwa moja kwa moja chooni hakijakutana na maji ya kiwanda cha betri wala cha ngozi. Wanaopanga mabomba makubwa ya kuunganisha viwanda na makazi katika miji yetu wafikirie kwanza nani atawakagua wenye viwanda, kabla hawajafikiria tope litauzwa kwa nani. Na Tanzania, yenye mwamba wa fosfeti wa Minjingu, haina dharura ya fosforasi ya tope kama Ujerumani isiyo na machimbo. Wanachokosa wakulima wake zaidi ni nitrojeni, ambayo ndiyo hasa tope lililokaushwa hubeba na tope lililounguzwa hupoteza.

Kuhusu thamani ya fedha, Milorganite kwa kila ratili ya nitrojeni ni ghali kuliko urea, ila sehemu kubwa ya nitrojeni yake hutoka polepole. Mauzo hurudishia mamlaka sehemu ya gharama za kulishughulikia tope, na kinachouzwa hakiendi jalalani, kwa hiyo mwenye nyumba anayeununua mfuko huo analipia pia huduma ya ziwa bila kuombwa mchango.

Naipa nyota nne kati ya tano kwa ukoka wa mapambo, miti na maua, hasa kwa mtu asiyetaka kupima gramu na asiye na mfumo wa kumwagilia. Pale penye kisima cha maji ya kunywa, au udongo wa kichanga juu ya maji yaliyo karibu, ningeshauri mtu atafute kitu kingine hadi suala la PFAS litulie. Kwenye mchicha, sukuma wiki na matembele siiweki, ingawa sheria inaniruhusu na vipimo vya metali vinaniunga mkono, kwa kuwa samadi ya kuku iliyooza vizuri inapatikana kwa wafugaji wa huku kwa bei isiyoumiza na ina potasi ambayo mboga za majani zinaihitaji. Anayeamua kuitumia hata hivyo kwenye bustani ya chakula aimwage kabla ya kupanda, aichanganye na udongo, na asirudie kila msimu kwa mazoea.